Yatima, kompyuta ya michezo na mtihani wa rushdi

Alasiri moja ya mwezi wa Desemba, mara baada ya Swala, kijana mmoja wa msikiti wetu hapa Songea alitufuata kibarazani akiwa ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alitoa salamu, akatuamkia, kisha akatukabidhi karatasi ile bila ya kuongeza neno. Tulidhani ni barua ya kuomba kupangiwa zamu ya kuadhini, kwani sauti yake ni njema. Ilikuwa ni orodha ya vipuri vya kompyuta ya kuchezea michezo, na chini yake palipigwa jumla: shilingi 3,450,000.

Kijana huyo ana umri wa miaka 17, na wakati huo alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi mmoja tu uliopita. Baba yake, Allah amrehemu, alikuwa mnunuzi wa mahindi, mtu aliyejulikana katika maghala ya mji huu kwa ukweli wa mizani yake. Alipofariki, Mahakama ya Mwanzo ilimteua mdogo wake kuwa msimamizi wa mirathi, na familia ikaiomba kamati ya msikiti iwe shahidi wa daftari. Fungu la kijana limeandikwa humo kwa wino, na fungu la dada yake mwenye miaka 14 limeandikwa chini yake. Kijana alikuwa akiomba mali yake mwenyewe, kutoka kwa watu watakaoulizwa juu ya mali hiyo mbele ya Mola wao.

Baba yake mdogo ni mtu wa hesabu za magunia. Kila gharama huigeuza kuwa mahindi, na hiyo aliigeuza papo hapo, akatikisa kichwa. "Mali ya yatima ni moto, Ustadhi," alituambia, "nami sitaki kuungua kwa ajili ya mpira wa kwenye kioo." Hatukuwa na la kumbishia. Israfu ni israfu hata kama anayeiomba ndiye mwenye mali.

Aliyeligeuza jambo ni mama wa kijana. Alikuwa amenyamaza muda mrefu, kisha akauliza iwapo sisi wanaume tunajua mwanawe anakwenda wapi kila jioni. Anakwenda, alisema, katika kibanda cha michezo. Vijana huketi wawili wawili mbele ya runinga, wakacheza mpira, na kila mchezo hulipiwa shilingi 500. Vibanda hivyo tunavijua sote, vimejaa katika kila mtaa. Tusilolijua ni utaratibu wa malipo: anayefungwa ndiye anayelipa, na anayeshinda hucheza bure. Mama yule hakusoma chuo chochote, lakini alilitaja jambo kwa jina lake, akasema hiyo ni kamari. Ni kweli, kwani kila mmoja huingia akitaraji kupata kwa hasara ya mwenziwe. Na saa ya kibanda kujaa ndiyo saa ya Magharibi. "Afadhali achezee hapa mbele ya macho yangu, shemeji," alimaliza, "na luku alipe yeye."

Tuliomba siku tatu za kutafakari, tukarudi vitabuni. Aya ya 6 ya Surat An-Nisaa inawaagiza wasimamizi kuwajaribu mayatima, na kuwakabidhi mali zao pindi wakionekana kuwa wamepevuka katika kuitumia. Upevu huo ndio wanazuoni wauitao rushdi, na kwa madhehebu yetu ya Shafi unahusu mambo mawili, dini na mali. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza namna ya kujaribu, nayo ni ya vitendo kabisa. Mtoto wa mfanyabiashara hupimwa kwa kununua na kuuza na kuvutana bei. Mtoto wa mkulima hupimwa kwa mambo ya shamba na matumizi ya vibarua wake. Na jaribio hurudiwa. Kauli iliyotangulizwa ni kwamba mtoto haachiwi kufunga mkataba. Yeye hupatana bei, na ukifika wakati wa kufunga mauzo, msimamizi hufunga.

Katika kusoma huko tulikutana na aibu yetu. Kauli yenye nguvu ni kwamba mtihani hufanywa kabla ya balehe. Sisi tulikuwa tumelinda fedha za kijana kwa miaka minne bila ya hata siku moja kumpa shilingi elfu kumi tukamwambia nenda sokoni, tuone utarudi na nini.

Basi tukampa jibu. Ukomo utakuwa shilingi milioni mbili. Orodha ataileta upya, na mbele ya kila kipuri ataandika sababu ya kukichagua. Bei atapatana yeye, baba mdogo atafunga mauzo, na kila kitakachobaki kitarudi katika daftari. Nauli za wasimamizi tutajilipia wenyewe.

Orodha ya pili ilichukua wiki mbili, na tofauti yake na ile ya kwanza ilitushangaza. Ile ya kwanza ilianza na kasha la kioo lenye taa za rangi. Hii ilianza na skrini, na sababu aliyoiandika ni kwamba skrini ndiyo inayoamua vingine vyote. Skrini ya kawaida ya ofisi huonyesha nukta 1920 kwa 1080, na huibadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Anayenunua kadi ya kuzalisha picha mara 160 kwa sekunde, kisha akaiunganisha na skrini hiyo, amelipia kisichoonekana. Skrini ya ofisi iliyotumika, ya inchi 22, tuliikuta kwa shilingi 140,000.

Baada ya skrini ikaja kadi ya picha. Katika kompyuta ya michezo hicho ndicho kipuri cha kutengewa fungu kubwa kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachochora kila kinachoonekana. Prosesa, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu ya namba zake, inatakiwa iweze kwenda sambamba na kadi hiyo tu. Kijana alikuwa amechukua kipimo chake kutoka katika mchezo alioutaka, ule wa EA Sports FC uliokuwa ukiitwa FIFA hadi mwaka 2023. Watengenezaji wa toleo la FC 24 walitaja kima cha chini kuwa kadi ya GeForce GTX 1050 Ti, na kima kinachopendekezwa kuwa GTX 1660, pamoja na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 12. Yeye akaandika Radeon RX 6600, inayozidi kwa mbali kipimo hicho, yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 8 na matumizi ya umeme ya wati 132. Prosesa akaishusha kutoka ile ya viini vinane ya orodha ya kwanza hadi Ryzen 5 3600 ya viini sita, tena iliyotumika. Prosesa, aliandika, ni nadra kufa kwa kutumika. RAM akaweka vipande viwili vya gigabaiti 8 badala ya kimoja cha 16, kwani viwili hufanya kazi kwa pamoja na kupitisha data kwa upana zaidi. Vyote ni vya aina ya DDR4, kwa sababu mazabodi aliyoichagua haipokei DDR5. Hata ukilazimisha, pengo la kipande haliingiliani na nafasi yake.

Hapa baba mdogo alileta hoja nzito, nasi tunaiandika kwa ajili ya wazazi wengine. Kwa nini tusinunue kompyuta ya ofisi iliyotumika, zile Dell OptiPlex zinazoshushwa kwa wingi Kariakoo, kisha tukachomeka kadi ya picha ndani yake? Ingegharimu chini ya nusu. Kwa familia inayotaka kompyuta ya masomo na mchezo mwepesi, rai yetu ni kwamba hiyo ndiyo njia bora, na hatuoni haya kuisema. Ila ina mtego. Pawa saplai za kompyuta hizo ni ndogo, na aghalabu hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Plagi zake ni za kiwanda chenyewe, hivyo huwezi kuibadilisha kwa nyingine yoyote ya dukani. Kadi inayoweza kuishi humo ni ile inayotosheka na wati 75 zinazopita katika nafasi yake ya mazabodi, na kama kasha ni lile jembamba, kadi nayo sharti iwe fupi. Kijana alikuwa ameyapima yote hayo. Aliandika kwamba kompyuta ya namna hiyo angeiuza baada ya mwaka mmoja kwa hasara, ilhali ile ya vipuri huongezewa kimoja kimoja. Baba mdogo alikubali, ingawa si kwa furaha.

Pawa saplai ni mahali ambapo tungependa msomaji atulie kidogo. Ndiyo kipuri kisichotajwa na anayejisifu, na ndicho kinachoweza kuua vingine vyote. Kijana alikataa iliyotumika, akakataa pia zile zisizo na chapa ya kueleweka zinazoandikwa wati 700 kwenye karatasi ya kubandika. Akachagua mpya ya wati 550 yenye alama ya 80 Plus, shilingi 170,000. Kisha akaongeza UPS. Mji wetu uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na anayekumbuka enzi za majenereta ya dizeli anajua tumetoka wapi. Lakini masika ya Ruvuma ni masika ya radi, na radi haina gridi. UPS ndogo ya VA 650 hubeba wati 360 hivi. Kompyuta yake ikicheza, pamoja na skrini, hutumia wati 250 hivi, kwa hiyo ile ndogo ingeishiwa pumzi kabla hajafunga kazi zake. Alichukua ya VA 1200 kwa shilingi 185,000. Mama naye akapata jibu la swali lake la luku: saa mbili kwa siku ni nusu ya uniti, ambayo kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti ni kama shilingi 180.

Tulisafiri naye wawili, baba mdogo na mwakilishi wa kamati, zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam, tukafikia kwa jamaa yao. Siku ya Jumatatu tukaingia Kariakoo.

Katika duka la kwanza tuliona kwa macho kile tulichokuwa tumekisoma katika milango ya biashara tangu ujana wetu. Muuzaji alitutolea kadi aina ya RX 580, akasema ni kamili, shilingi 230,000 tu. Bei ilikuwa chini mno kuliko ya ile tuliyoifuata, na baba mdogo tayari alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni. Kijana akaomba iwashwe katika kompyuta ya dukani. Alikuwa na flashi yenye programu ndogo ya GPU-Z, inayosoma kadi na kutaja ilivyo ndani. RX 580 kamili ina vitengo vya kukokotoa 2304. Ile ilionyesha 2048. Ni toleo lililopunguzwa, ambalo nguvu zake ni sawa na za kadi ya daraja la chini, na boksi lake halikulisema hilo. Kijana alikuwa ametusimulia pia njiani kwamba kadi nyingi za jamii hiyo zilifanyishwa kazi usiku na mchana katika kuchimba sarafu za mtandaoni, hadi sarafu ya Ethereum ilipoacha utaratibu huo tarehe 15 Septemba 2022 na kadi zikamwagwa sokoni kwa jumla. Muuzaji alinuna, kisha akasema wateja wengine hawaulizi.

Ni mashuhuri kisa cha Mtume (S.A.W) kupita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Hapa Songea kila mnunuzi wa mahindi ana bambo lake, na hakuna anayelipa gunia kabla ya kulichoma hadi katikati. Tulipotoka dukani, baba mdogo alimgeukia kijana akamwuliza ile flashi inaitwaje. Akajibiwa. "Basi hiyo ni bambo," alisema, na tangu saa ile hakuuliza tena bei ya kitu kwa magunia.

RX 6600 tuliipata mtaa wa pili. Muuzaji alitamka mwenyewe, kabla ya kuulizwa, kwamba ilitumika miezi kumi. Alianza na 520,000. Kijana alipanda kutoka 400,000, na walikutana 450,000. Hapo ndipo tulipoingia sisi, tukaomba hiari ya sharti: turejeshe bila ya sababu ndani ya siku tatu. Katika madhehebu yetu siku tatu ndio ukomo wake. Muuzaji, ambaye jina lake halikuwa la Kiislamu, aliandika siku hizo tatu kwenye risiti bila ya kusita. Baba mdogo akafunga mauzo, akatia saini.

Kompyuta iliunganishwa usiku huohuo sebuleni kwa mwenyeji wetu, ikawaka, ikapimwa hadi kesho yake. Ilikuwa busara pia kupakua mchezo hukohuko, kwani una uzito wa gigabaiti 100, na mwenyeji alikuwa na intaneti ya waya. Anayedhani atapakua kiasi hicho kwa kifurushi cha simu ajipange upya. Katika jambo hilo tuliweka sharti moja, ambalo kijana alilikubali kwa shingo upande. Mchezo huo una vifurushi vya wachezaji vinavyonunuliwa kwa fedha halisi, na mnunuzi hajui atakayempata hadi afungue. Ubelgiji iliviweka katika hukumu ya kamari mwaka 2018, na mwezi Januari 2019 kampuni yenyewe iliacha kuuza huko sarafu za kuvinunulia. Tulichokitoa kibandani hatukuwa tayari kukirudisha kupitia dirishani. Hakuna namba ya simu ya fedha wala kadi ya benki itakayounganishwa.

Kwa ajili ya safari ya kurudi, kijana aliichomoa kadi ya picha, akaifunga kwa khanga za mama yake, akaipakata kwenye basi hadi Songea. Kadi nzito ikiachwa ndani ya kasha, mitikisiko ya njia huweza kuvunja nafasi yake. Tulifika usiku wa Jumatano. Hakungoja asubuhi. Aliunganisha kila kitu mbele ya familia nzima, akabonyeza, feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

Alijaribu mara ya pili na ya tatu. Alichomoa RAM, akairudisha. Baba mdogo alitoa risiti, akaisoma chini ya taa. Siku ya tatu inaisha kesho, na duka liko kilomita 900. Tunakiri kwamba katika nusu saa ile tulianza kutunga akilini maneno ya kuiambia kamati. Kijana hakulia, hakumlaumu muuzaji. Alisema tu, "Ilikuwa inafanya kazi, Ustadhi. Uliiona." Na kweli tuliiona.

Dada yake alikuwa ameketi sakafuni, akisoma kijitabu cha mazabodi kilichotupwa pembeni ya boksi. Aliuliza kama prosesa ya kaka yake ina picha yake yenyewe. Kaka akajibu kwa hasira kwamba haina, ndiyo maana ikanunuliwa kadi. "Basi mbona waya wa skrini umeuchomeka juu, kwenye mazabodi?" Akauchomoa yeye mwenyewe, akaushusha hadi kwenye kadi. Skrini ikawaka. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajiziba mdomo kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia.

Jumla ya manunuzi yote, pamoja na kibodi na kipanya, ilikuwa shilingi 1,690,000. Shilingi 310,000 zimerudi katika daftari, na risiti kumi zimebandikwa ukurasa wa pili. Alipoulizwa kama anataka kuzitumia kwa zile taa za rangi, kijana alisema kasha lake halina kioo, nani ataziona. Kamati imeandika kwamba jaribio la kwanza limepita, na la pili litakuwa la mahindi, msimu wa mavuno. Kuhusu kibanda, jirani zake wa zamani wa kibandani sasa humfuata nyumbani jioni. Mama huwatoa wote kwa adhana ya Magharibi, wakiwa wameshinda au wamefungwa.

Limebaki jambo la dada. Vitabu vyetu vinasema binti hupimwa kwa mambo ya kusokota pamba na kwa kukihifadhi chakula kisiliwe na paka. Tulipolieleza hilo nyumbani kwao, binti alisikiliza kwa adabu, kisha akaingia ndani. Alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne: bei za cherehani kutoka maduka matatu ya hapa mjini, mbele ya kila moja sababu yake, na pembeni ameandika kwamba hilo la tatu, lililo rahisi kuliko yote, mota yake ameikagua na imeshawahi kuungua.